Kipande cha Mkono wa Kushoto

Kufuma si lazima. Maneno hayo nimeambiwa na daktari, nimeambiwa na kaka yangu Gabrieli, nimeambiwa na mume wangu Gervas, na hata Shadya ninayekaa naye gengeni, ambaye siku zote ana akili zake timamu, naye aliniambia. Wote waliyasema kwa sauti ya upole, ile ya kumnyang'anya mtoto kisu. Mimi mtu mzima nina wajukuu, na kisu ndicho kinachonilisha, kwa hiyo upole wao waupeleke kwingine.

Naitwa Felista. Kwetu ni Kinole, juu huko kwenye mananasi na pilipili manga, lakini niliolewa Morogoro mjini, Mwembesongo, na hapa ndipo ninapokatia mboga. Watu wa mjini siku hizi hawana muda wa kukata sukuma wiki. Wanataka waikute imekwisha kukatwa, nyembamba, waitumbukize sufuriani tu wakitoka kazini. Basi mimi na Shadya tunakaa mbele ya nyumba yake, kila mmoja na beseni lake. Majani unayaviringa kwa mkono wa kushoto, kisu kiko kulia, na gumba ndilo linalosukuma. Unasukuma asubuhi, unasukuma mchana, mpaka watu waanze kurudi majumbani. Mama lishe wanachukua kwetu, hosteli ya wanafunzi wanachukua kwetu. Ukila mboga Morogoro ukaiona laini, usidhani ni mashine. Ni gumba la mtu.

Sasa hiyo mboga inaliwa jioni, kesho haipo. Ninakata kitu ambacho kazi yake ni kwisha. Ndiyo maana mimi nafuma. Nilifundishwa na masista nikiwa msichana, na tangu hapo kila jioni, nikishaosha vyombo, nashika kroshia yangu na uzi mweupe na moyo wangu unarudi mahali pake. Sijawahi kuuza hata kitambaa kimoja. Nafuma kwa sababu napenda, na nataka mtu anieleze ni lini kupenda kitu kulianza kuwa kosa la mwanamke anayekata mboga.

Dada yangu Theresia alifariki akaacha mtoto mmoja, Victor, akiwa bado yuko seminari ndogo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo Victor hakuhama kwenda kwa mtu, alibaki kwetu, na likizo zake zote alizimalizia kwangu. Siku moja akiwa amekaa ananitazama nikifuma, nilimwambia: ukifika upadri, alba yako nitaitia lesi mimi kwa mkono wangu. Alba ni ile kanzu nyeupe padri anayovaa ndani, na lesi huzunguka pindo lote la chini, inaonekana kila anapopiga hatua. Victor alicheka, lakini hakusahau. Alipopewa ushemasi, daraja la kabla ya upadri, alinipigia simu kabla ya kumpigia mjomba wake, akaniambia, mama mdogo, anza.

Nikaanza. Masista walitufundisha kufuma zabibu na masuke ya ngano, kwa sababu ndiyo mambo ya altareni. Lakini mimi zabibu nimeziona mjini, sikukua nazo. Nikafuma pilipili manga, vishada vyake vikining'inia na majani yake, jinsi mpilipili manga, ambao ndio mzabibu wetu sisi wa kule nyumbani, ulivyo. Victor alikulia chini ya miti ile. Nilijua akitazama chini ataitambua, na kufikiria jambo hilo tu kulinifanya nitabasamu peke yangu jikoni.

Nilikuwa nimeshafika mbali, lesi imeshapita katikati, ndipo mkono ulipoanza. Kwanza kuchoma tu pale chini ya gumba nikikata mboga. Kisha nikawa siwezi kukamua nguo. Kisha kikombe cha chai kikaniponyoka, na Gervas akaniuliza nimelewa. Gumba likiguswa, moto unapanda mpaka kwenye kiwiko. Na balaa lake, mkono wenyewe hauonyeshi kitu. Hauna kidonda, haujavunjika, umevimba kidogo tu ukiutazama kwa makini. Ningekatwa na panga watu wangenionea huruma. Mkono mzima unaouma ni uvivu.

Wakasema nimeteguka. Hapa kwetu mkono ukiuma umeteguka, hakuna ugonjwa mwingine. Nikapelekwa kwa mzee mmoja mkandaji, akanishika gumba akalivuta kwa nguvu zake zote huku akinichua na mafuta ya moto, na mimi nikalia mbele ya watu. Akasema nirudi tena, kuna mshipa bado haujakaa sawa. Mshipa wake. Kabla ya pale nilikuwa nashika kroshia kwa shida. Baada ya pale nikawa siishiki kabisa.

Ndipo nikaenda hospitali. Daktari alikuwa binti, ana adabu, aliniamkia shikamoo na kunishika mkono taratibu. Akaniambia kano za gumba zimevimba kwa kurudia kitu kimoja miaka nenda rudi. Hapo nilimpenda, kwa sababu ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuniamini. Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akauliza nikitoka hapo nafanya nini. Nikamwambia nafuma. Uso wake ukafunguka kabisa, amepata dawa.

"Basi mama, acha kufuma," akasema. "Mboga ni riziki, naelewa. Lakini kufuma si lazima."

Nilitamani kumuuliza yeye jioni hufanya nini, na kama kuna mtu amewahi kumwambia aache. Alinichoma sindano, akanifunga kiganja kwa kifaa kigumu chenye mikanda, akaniambia nipumzike. Nipumzike wapi? Hosteli inasubiri mboga. Lakini sindano ilisaidia, kwa majuma machache mkono ukatulia, na mimi kwa pupa yangu nikafuma usiku na mchana kufidia. Mkono ukarudi vibaya kuliko mwanzo. Sijuti. Nina hasira, lakini sijuti.

Nikapunguza mboga badala yake. Nikaacha wateja wengine wote nikabaki na hosteli tu, ili gumba libakize nguvu kidogo kwa ajili ya lesi. Hapo ndipo niliposemwa. Gervas, ambaye anafanya kazi kiwandani Mzinga na ambaye sasa ilibidi akamue nguo zake mwenyewe, aliuliza kwa nini naacha chakula nashika mapambo. Shadya akanitania kwamba nimekuwa mke wa bosi. Nilimwambia akome, na kwa juma zima tulikata mboga pamoja bila kusemeshana. Na Victor nilimweleza yote kwenye simu, kwamba mkono umekataa, kwamba naogopa sitamaliza. Akasema, pole sana mama mdogo, nakuombea. Kisha akaniuliza habari za Gervas.

Basi nikajifunza kufuma kwa mkono wa kushoto. Jaribu wewe unayesoma hapa, hata kushika kijiko tu. Vidole vilikuwa havinijui. Uzi ulilegea, matundu yakawa mengine makubwa mengine madogo, vishada vya pilipili vikaegemea upande mmoja vinataka kuanguka. Nilifumua, nikafuma, nikafumua. Nilitukana mkono wangu mwenyewe maneno ambayo siwezi kuyaandika. Lakini lesi ilisogea. Kipande cha mwisho, kama shibiri mbili hivi, chote ni cha kushoto. Kilipinda, wala sikatai. Siku kilipofika mwisho kikakutana na mwanzo, nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha, kisha nikamwita Shadya aje kukiona. Shadya alikishika akakigeuzageuza, akasema kinatisha, kisha akanikumbatia. Yule ni rafiki.

Gabrieli alishuka kutoka Kinole kuja kuchukua vitu vya sherehe. Yeye ndiye mjomba, ndiye msemaji wa ukoo, na kwa miezi kadhaa hakuna mtu kule juu aliyeruhusiwa hata kununua kuku bila yeye kujua. Nilimkabidhi alba na lesi ili fundi wa kule aishone pindoni. Nikamwonyesha kipande cha mwisho, nikamwambia kwa majivuno yangu yote kwamba kile nimekifuma kwa kushoto. Gabrieli akakitazama. Akaikunja lesi yote taratibu, akaifunga. Nilidhani ameguswa.

Nilipanda Kinole siku moja kabla ya Misa. Victor alikuwa amekwisha kupadirishwa mjini na sasa anakuja kusoma Misa yake ya kwanza nyumbani, kijiji kizima kimejaa, wanawake wako uani wanamenya ndizi. Mimi ndiye niliyeketi kwenye nafasi ya mama yake. Nikashindwa kumenya hata ndizi moja. Nikawasikia wakinong'ona kwamba mama wa padri amekuja na mikono ya mjini. Nilijifanya sisikii, nikaenda kulala mapema, kwa sababu nilijua asubuhi wataiona lesi.

Asubuhi niliikuta alba imepigwa pasi, imetundikwa chumbani kwa Gabrieli. Nikashika pindo nikaanza kuifuata lesi yangu kwa kidole, tangu mbele, upande wa kulia, nikazunguka. Pilipili, pilipili, jani, pilipili. Kisha zabibu.

Nikasimama. Zabibu zimepangwa sawasawa, za nailoni, zinang'aa, lesi ya dukani inayouzwa kwa mita. Kipande changu cha mwisho hakikuwepo. Mtu alikuwa amekikata kwa mkasi na kuunganisha hizo takataka mahali pake, na ameunganisha vizuri, mtu akiwa mbali hawezi kujua.  Nilimwita Gabrieli kwa jina lake, bila kaka, na watu uani wakageuka kutazama.

Alikuja ameshavaa suti. Wala hakuona haya, alifurahi kunieleza. Alisema ameona jinsi nilivyoteseka, akanunua lesi nzuri kwa hela yake, na amewaambia kamati na jumuiya zote kwamba alba nzima nimeifuma mimi, na itatangazwa hivyo. Alikuwa anasubiri nimshukuru. Nikamuuliza kwa nini amekata changu.

"Umefuma kwa kushoto, Felista," alisema. "Mtoto mdogo tu akikupa kitu kwa kushoto unamchapa. Sasa wewe unampa padri? Altareni?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakukikata kwa sababu ya kupinda. Alikikata kwa sababu ya mkono. Huko Mwembesongo kuna mzee alikataa kupokea mboga yangu kwa sababu nilimnyooshea kushoto, nikaona ni uzee. Kumbe na kaka yangu, niliyelelewa naye kitanda kimoja, ananiona vilevile. Mkono wa kulia ulikufa kwa kuwalisha watu, na wa kushoto uliojitolea kumalizia umeitwa mchafu. Nilimwambia yote hayo, na sikuyasema polepole. Nilimwambia kwamba kunitangaza kwa kitu ambacho sikukifanya ni kunifuta. Akaniambia nishushe sauti, kuna wageni. Nikapandisha.

Nikachukua mkasi uliokuwa mezani nianze kuzifumua zabibu zake. Mkono wa kulia ukakataa kuubana, mkasi ukaanguka. Nikauokota kwa kushoto. Gabrieli akanishika bega akasema naaibisha ukoo, kitu chenye kiraka hakivaliwi mbele ya watu. Tulikuwa tumeshikana hivyo, watu wazima wawili, Victor alipoingia kuchukua alba yake.

Aliuliza kuna nini. Gabrieli akaanza kueleza, nami nikamkatiza. Nikamwonyesha Victor mahali ambapo pilipili zinaishia. Alizitambua, niliona usoni mwake, nilichokingojea mwaka mzima kikapita hapo katikati ya ugomvi. Kisha nikamwambia kilichokatwa na kwa nini kimekatwa. Akanitazama mkono uliofungwa mikanda, akaonekana kushtuka kweli.

"Mama mdogo, mbona hukuniambia kwamba mkono umefikia hali hii?"

"Nilikuambia," nikamjibu. "Ukasema pole."

 Victor aliinamisha kichwa, na mimi sikumsaidia. Nilimlea yule mtoto, nilimpenda kuliko kitu chochote pale, lakini nilikuwa nimechoka kumsaidia kila mtu asijisikie vibaya kwa ajili ya mkono wangu mimi. Baadaye aliniuliza kipande kiko wapi. Sikujua. Nikamtazama Gabrieli, naye akatazama ukuta.

Aliyejibu alikuwa mke wake, Rahel, mlangoni. Rahel ni mtu wa maneno machache, na mimi na yeye hatujawahi kuwa marafiki. Alifungua pindo la kanga yake akatoa kipande changu, kimekunjwa vizuri. Alisema fundi alikuwa amekitupa chini pamoja na vipande vya nguo, naye akakiokota kwa sababu yeye pia hufuma na anajua mtu hafumi vile kwa kucheza. Gabrieli akamgeukia, lakini Victor aliwahi kusema.

"Mjomba, majuzi askofu amenipaka mafuta mikono yote miwili," alisema. "Hakuuruka wa kushoto."

Kisha akaketi kitandani na alba magotini akaanza kufumua zabibu kwa mkasi, uzi mmoja mmoja. Kengele ya kwanza ilikuwa imeshapigwa. Kwaya ilianza kuimba, ikaimba wimbo wote, ikaurudia, na kila baada ya muda kuna mtu wa kamati alikuja mlangoni akarudi. Rahel ndiye aliyekishona kipande mahali pake. Mimi nilisimama pale na mkono wangu usiofaa, nikimwelekeza, na naungama nilimkaripia mara mbili kwamba anashona juu sana. Gabrieli alitoka nje, na hakurudi mle chumbani.

Kile kipande kinakaa nyuma, upande wa kushoto, pale ambapo kila mtu anapatazama padri anapopanda altareni. Victor alipotupita kwenye maandamano nilikuwa benchi la mbele. Mbele pilipili zilikwenda vizuri, zimenyooka, nasikia wanawake wakisifu. Alipopita na kutugeuzia mgongo, ikaonekana ile sehemu. Jua lilikuwa linaingia kwa mlango mkubwa, hakuna kilichojificha. Matundu makubwa, matundu madogo, vishada vimelala upande mmoja, na mshono mpya wa Rahel unaonekana. Alipopiga goti mbele ya altare ndiyo kabisa, kilitandazika chini, kikajionyesha chote.

Minong'ono ilianza nyuma yangu. Kuna mtu alicheka na kujizuia. Gabrieli alikuwa pembeni yangu, ameweka macho kwenye kitabu cha nyimbo ambacho hakuwa amekifungua. Kisha mwanamke wa benchi la pili, nisiyemjua, amevaa vitenge vya sare ya sherehe, akamwinamia mwenzake akauliza, na kwaya ikawa imenyamaza wakati ule ule, kanisa zima likasikia:

"Jamani, nani kamharibia padri alba yake vile?"

Nikasimama, nikageuka nikamtazama usoni.

"Mimi," nikasema. "Kwa huu." Na nikaunyoosha mkono wa kushoto juu mpaka walioko mlangoni wakauona.